Mwalimu wa Kioo Cheusi

Sitaanza na alikozaliwa wala na ukoo wake. Ndugu zake wapo Biharamulo mjini, wanauza vitambaa na mikeka, na wao ndio wanaoweza kueleza ni babu yupi aliyetoka pwani na kwa nini miguu yake iligoma alipofika huku. Mimi naanza na mikono yake, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza cha mwalimu yule nilichokionea wivu.

Ilikuwa mikono ya mwanamke anayejua kwamba ana mikono mizuri. Hina haikukauka kwenye kucha zake, na harufu ya mafuta ya karafuu iliingia chumbani kabla yake na kubaki akishaondoka. Hakusonga ugali. Alilisema jambo hilo waziwazi, kama mtu anayesema hali nyama ya nguruwe: mwiko unaharibu kifundo cha mkono, na kifundo cha mkono ndicho kinachomlisha. Majirani zake pale Ngara mjini walimsema sana. Mmoja alimuuliza mbele yetu wanafunzi, "Mwanamke gani hasongi ugali?"

"Mwanamke anayekula wali," akajibu, akaingia ndani.

Alitufundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kuhifadhi majembe. Mashine zetu zilikuwa za msaada, zilizochoka huko zilikotoka zikaletwa zimalizie uzee wao Ngara. Mfumo wa kawaida wenye picha na madirisha ulizishinda. Ukiwasha, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukute bado zinafikiri. Mwalimu akauondoa. Akaweka mfumo wa kuandika amri: kioo cheusi, herufi nyeupe, na kistari kinachopepesa kikingoja uandike unachotaka. Hakuna picha ya kubofya. Unaandika neno, mashine inatii. Ukikosea, inakwambia umekosea, kwa ufupi na bila huruma. Tulisema mashine imemuiga mwenyewe.

Vipanya vyote alivichomoa akavifungia kabatini. "Panya hafugwi ghalani," alisema. Kila mwanafunzi mpya aliyeuliza kipanya kiko wapi alijibiwa hivyohivyo, na sisi wa zamani tulicheka kila mara kama tunausikia msemo huo kwa mara ya kwanza.

Kioo cheusi alikijua tangu Benaco. Wakati kambi ya wakimbizi imejaa, aliajiriwa kuandika majina kwenye mashine za ofisi moja ya misaada, na mashine za siku zile zote zilikuwa hivyo, nyeusi tupu. Tulipomuuliza kulikuwaje, alisema, "Watu walikuwa wengi kuliko muda," akabadilisha mazungumzo. Lakini tulijua kasi ya vidole vyake aliitoa huko. Kila jina lililochelewa kuandikwa lilikuwa na mtu amesimama nyuma yake juani.

Elimu yake ilikuwa kwenye njia za mkato za kibodi. Mtu asiyejua, akiandika amri ndefu akagundua herufi ya kwanza ina kosa, hufuta yote aanze upya, au hutembea na kishale nyuma herufi moja moja kama anayetafuta sindano. Mwalimu alibonyeza Kontrol na A, kistari kikaruka mwanzo wa mstari. Kontrol na E, kikaruka mwisho. Kontrol na W, neno likafutika. Kontrol na Y, likarudi. Jina refu la faili aliandika herufi mbili tatu za mwanzo, akagusa Tab, mashine ikamalizia. Kazi iliyokwenda kombo aliikata kwa Kontrol na C, tena kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku: "Acha!" Ukimtazama ungedhani hafanyi kazi. Mabega yametulia, uso umetulia, anazungumza nawe habari za bei ya maharage, na huku chini maneno yanajipanga.

Mimi si mtu wa kushangazwa ovyo. Nilizaliwa juu kule milimani, kwenye nyumba ya migomba mbele na migomba nyuma, na nimefika nilipofika bila kushikwa mkono na mjomba wala mbunge. Nimebeba mizigo Mwanza mchana ili nisome jioni. Stashahada yangu ya kompyuta niliilipia mwenyewe, imetundikwa ofisini kwangu Nyakanazi, na madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanaoingia kutuma nyaraka huisoma wakati wakisubiri. Vituo vya mafuta na nyumba za wageni pale njia panda, mitandao yao nimeifunga mimi. Lakini nasema wazi: vidole vya mwanamke yule sijavipata. Nimevitafuta. Ninavizidi kwa elimu, pengine hata kwa kasi, lakini sivizidi kwa utulivu. Vyangu vinafanya kazi. Vyake vilikuwa vimepumzika.

Umeme wa Ngara miaka ile ulikuwa mgeni wa heshima. Ukija tunashukuru, ukiondoka hatuulizi. Walimu wengine ukikatika waliwaachia wanafunzi wakaote jua. Yeye alitukataza kuinuka. "Mashine imelala, nyinyi hamjalala." Alitufunika mikono kwa kanga, kila mtu na kanga moja juu ya mikono na kibodi, tusione vidole. Halafu akasimama nyuma ya chumba akatoa amri kwa sauti.

"Mwanzo wa mstari!"

Vibodi vilivyokufa vikalia kwa pamoja, kama mvua inapoanza juu ya bati.

"Mwisho! Futa neno! Rudisha! Acha!"

Hakuwa na haja ya kuona vidole vyetu. Aliangalia viwiko. Kontrol na A mkono hauondoki mahali pake. Anayekwenda kutafuta vishale pembeni, kiwiko chake kinatoka. "Kiwiko cha dirishani kimesafiri," alisema. "Mhangaza, ni wewe. Umekwenda wapi, Kigoma?" Chumba kizima kilicheka. Mkono unaosafiri haufiki na mzigo: huo ulikuwa msemo wake mkubwa, na tuliusikia mpaka tukauota.

Mimi sikuwa peke yangu Mhangaza darasani; wenyeji wa Ngara ndio sisi, tulikuwa wengi. Lakini akisema "Mhangaza" ilikuwa mimi. Nililichukulia kama sifa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mwalimu anayekutania ndiye anayekupenda.

Hapo ndipo lazima nimlete Kabula.

Kabula, msichana mwenzetu darasani, alitoka Kaniha, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Alipanga chumba Ngara mjini, na kila akitoka kwao likizo alikuja na kibuyu cha maziwa mgando. Alikuwa na kicheko kilichofika barabarani. Alikaa kiti cha kushoto kwangu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, yeye wa pili. Muhula uliofuata yeye wa kwanza, mimi wa pili. Watu walisema tunapendezana. Hatukupendezana hata kidogo. Tulikuwa tunachungana.

"Wewe Mhangaza wa ndizi," alikuwa akiniambia, "utashindana na mimi? Mimi nimekua nikihesabu ng'ombe wanaotembea. Ndizi hata hazitembei."

"Ng'ombe hawaandiki amri," nilimjibu.

"Na ndizi zinaandika?"

Mwalimu alimsikia, akacheka kwa sauti. Mimi hakuwahi kunichekea hivyo. Alinicheka, ndiyo, mara nyingi. Kunichekea, hapana.

Kanga zenyewe zilinitesa. Mwalimu alikuwa na kanga nyingi za kutufunikia, na alichagua nani apewe ipi. Mtu mwingine asingeona kitu. Mimi niliona. Kabula alifunikwa kwa kanga laini, zilizofuliwa mpaka zimekuwa kama ngozi, zenye maneno ya upole. Mimi niliwahi kufunikwa wiki nzima na kanga mpya, ngumu, iliyoandikwa UNAJUA KWENDA HUJUI KUKAA. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ndiyo iliyokuwa juu ya kabati." Nilimtazama Kabula. Kabula alikuwa anatazama dari na mashavu yamejaa kicheko.

Na maziwa je? Mwalimu alituambia siku ya kwanza kabisa kwamba hapokei kitu kwa mwanafunzi, hata yai. Mama yangu alimtumia mkungu wa ndizi. Akaurudisha kwa adabu, na mama akauonea aibu mkungu ule mpaka ukaivia uani. Lakini kibuyu cha Kabula kilipokelewa, kikanywewa, kikaoshwa, kikarudishwa kikiwa na tende ndani. Nilipouliza, maana mimi ni mtu wa kuuliza, alinijibu kwamba maziwa si zawadi, maziwa ni dawa ya vumbi la chumbani.

Alikuwa na mambo mengi ya kujipinga namna hiyo, wala hayakumsumbua. Aliyefungia vipanya kabatini alikuwa na kimoja chake, kwenye mashine ya ofisi ndogo, na masomo yakiisha alikaa mle akicheza karata kwa kukibofya, kichwa ameinamisha kama mtoto anayelamba sukari. Tulichungulia tukamuona. Aligeuka, hakushtuka. "Mtu akitoka shamba hukaa barazani," alisema. "Fungeni mlango." Alihubiri kwamba kuharakisha ni ushamba, lakini akikuona unasoma mstari kwa kidole alikung'ang'ania mpaka utokwe jasho. Alitutaka tujue kila kitufe, na bado akiulizwa swali asilolijua hakusema hajui. Alisema, "Hilo tutalifikia," na kweli kesho yake tulilifikia, naye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Jambo ambalo hata wanaomchukia wanamsifia ni siku ya makarani. Wilaya ilituletea makarani wa ofisi mbalimbali kwa mafunzo mafupi, watu wazima, wenye kalamu mfukoni. Makarani wa huku wana tabia moja waliyofundishwa na umeme: kila sentensi moja, Kontrol na S, kuhifadhi. Hawafikirii. Mkono unakwenda wenyewe, kama mtu anavyogusa mfuko wa pesa akipita sokoni. Ukikaa Ngara bila tabia hiyo utapoteza kazi ya siku nzima umeme ukikatika. Sasa wakaketi mbele ya kioo cheusi, wakaandika amri ya kwanza, na kwa mazoea wakabonyeza Kontrol na S.

Kwenye mfumo ule, Kontrol na S haihifadhi kitu. Inagandisha kioo. Ukiandika, hakuna kinachoonekana, ukigonga, kimya.

"Mwarimu, yangu imekufa!" alipaza sauti karani wa mbele.

"Na yangu!"

"Na hii! Mwarimu, tumeziua zote!"

Mmoja alishainama kuchomoa waya. Mwalimu alipita katikati yao taratibu, na kwa kila mashine akanyoosha vidole viwili tu, Kontrol na Q, na kila kitu walichokiandika wakati wa kuhangaika, pamoja na matusi ya yule wa nyuma, kikamwagika kiooni. Alisimama akayasoma yale matusi kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesoma matangazo ya msikitini. Kisha akasema, "Mashine haijafa. Umeiambia ikusubiri, ikasubiri. Mimi sijaona mume mtiifu namna hii." Makarani wale walimwogopa na kumpenda mpaka mafunzo yakaisha.

Somo lile lilinipa heshima yangu ya kwanza Mwanza. Nilikuwa kibarua kwenye kampuni moja, nabeba maboksi ya vifaa, na mafundi walikuwa wamezunguka mtambo mkuu wakisema umeganda, wauzime. Nilitua boksi, nikapenyeza mkono katikati yao, nikabonyeza Kontrol na Q. Maandishi yakashuka kama maji. Waligeuka wote.

"Umesomea wapi wewe?"

"Ngara."

Wakacheka, mpaka walipoona mimi sicheki. Toka siku hiyo sikubeba boksi tena.

Lakini ni Mwanza hukohuko nilikogundua kilichonikosesha usingizi miaka yote hii.

Kwenye kioo cheusi, mashine inakumbuka kila amri uliyowahi kuandika. Ukitaka ya zamani, unabonyeza kishale cha juu, inakuja ya mwisho. Tena, inakuja ya kabla yake. Tena, tena, unapanda hivyo kama ngazi. Mimi ndivyo nilivyofanya Ngara miaka yote miwili. Kabula kando yangu hakupanda. Alikuwa akitaka amri ya wiki iliyopita, vidole vinagusa kidogo, anaandika herufi mbili, na amri ndefu nzima inatokea mbele yake. Nilidhani ana kichwa cha ajabu, kwamba anazikumbuka amri zote na kuziandika kwa kasi nisiyoiona chini ya kanga. Nilijilaumu. Nilikesha nikikariri mistari mirefu ili nimfikie.

Kumbe kulikuwa na kitufe. Kontrol na R. Unabonyeza, unaandika kipande cha amri unayoitafuta, mashine inaichimbua yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu. Kijana mmoja wa Bukoba alikifanya mbele yangu huku anakula karanga, kama kitu cha kawaida, na nikaona Kabula mzima ndani ya vidole vile. Sikuwa nimepitwa akili. Nilikuwa nimenyimwa.

Fikiria mwanamke aliyeona kila kiwiko. Kishale cha juu kiko pembeni kabisa ya kibodi. Kila nilipopanda ngazi ile, kiwiko changu kilitoka, naye alikuwa nyuma yangu. Kwa vishale vingine vyote alinipigia kelele nimekwenda Kigoma. Kwa kile, miaka miwili, alinyamaza.

Basi nilirudi. Wengi wakienda hawarudi. Mimi nilirudi na gari, na stashahada, na ofisi ya bati la rangi. Kabula hakuwa ameondoka. Alikuwa anafundisha shule ya sekondari, naye akachukua stashahada yake kwa njia ya masafa, akisomea sebuleni kwake. Sitaidharau, karatasi ni karatasi. Lakini nasema tu kwamba yangu niliifuata kwa miguu.

Halafu nikasikia Mwalimu amepatwa na kiharusi kidogo, mkono wa kulia umekufa ganzi, amerudi kwa ndugu zake Biharamulo. Chumba chake cha mashine kilikuwa kinatafuta mtu, na wakubwa wa chuo walikuwa wamesema watamchukua atakayetajwa na yeye. Nilikitaka chumba kile. Si kwa mshahara. Mshahara wake haufiki hata kodi ya ofisi yangu. Nilitaka kusimama nyuma ya chumba kile na kutazama viwiko. Nilitaka jina litoke kwenye kinywa chake na liwe langu.

Nikaendesha gari asubuhi mpaka Biharamulo. Nyumba ya ndugu zake iko nyuma ya duka la vitambaa. Nilipokuwa natafuta pa kuegesha, mlango ukafunguliwa akatoka Kabula, kitenge kipya, kibuyu kitupu mkononi.

"Mhangaza! Umenenepa!"

"Za siku, Kabula."

"Nzuri mno. Ingia, ameamka vizuri leo." Akapita akicheka peke yake, na nilikijua kicheko kile. Ndicho alichocheka matokeo yalipobandikwa na jina lake likawa juu yangu.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama mgonjwa wa peke yake. Hina ilikuwepo. Mtu alikuwa amempaka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Viatu vizuri. Umevinunua ili nivione?"

"Ndiyo."

"Nimeviona."

Tuliulizana hali. Nilimweleza ofisi yangu, mitandao yangu, vituo vya mafuta. Alisikiliza akitikisa kichwa mahali panapostahili. Chai ikaja. Halafu akasema, bila kunizungusha, "Nimemtaja Kabula."

Nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu mzima. Haikusaidia. "Mimi nina uzoefu zaidi."

"Unao."

"Ninazijua mashine za sasa. Na nimerudi nyumbani, Mwalimu. Nimerudi."

"Umerudi Nyakanazi," alisema. "Nyakanazi ni njia panda, mwanangu. Mtu aliyerudi hakai njia panda. Mimi nataka mtu atakayeingia asubuhi awashe mashine, na kesho awashe tena, na asiangalie mlangoni. Wewe ungenifundishia watoto wangu vizuri mwaka mmoja, halafu ungewafundisha kuondoka."

Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza lile nililolibeba kutoka Mwanza. "Kontrol na R. Kwa nini hukunipa? Uliniona napanda na kishale kila siku. Uliniona."

Hakusema "Hilo tutalifikia." Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Unajua Benaco ilipofungwa," alisema, "wale wakubwa wa ofisi walinitaka niende nao. Nchi nyingine, kambi nyingine, mashine zilezile. Walisema hawajaona vidole kama hivi. Kaka yangu akasema mwanamke wa nyumba hii hafuati malori. Nikabaki. Nikapewa chumba cha majembe." Akanyanyua kichwa. "Wewe ulikuja darasani, ndevu huna, viatu huna. Nikawauliza kila mmoja anataka nini. Wenzako wakasema wanataka kazi wilayani. Wewe ukasema, 'Mimi nitaondoka hapa.' Ulisema kama mtu anayesema kesho ni Jumanne. Nilikuonea wivu, Mhangaza. Nilikuonea wivu kama mke mwenza. Nikaona nikikupa vyote utaondoka na vyote. Nikajiwekea kimoja."

"Na Kabula?"

"Kabula hakuniumiza. Kabula nilimpa kila kitu."

Sijui wengine wangejisikiaje. Mimi nilijisikia nimekuwa mrefu. Miaka yote nilidhani mwanamke yule alimpenda Kabula na kunivumilia mimi, kumbe mimi ndiye niliyemkosesha usingizi. Chumba kilikuwa kimeniponyoka na sikukijali tena hata kidogo. Nilitaka kitu kimoja tu.

"Mwambie Kabula," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Hayo. Kwamba hakunizidi akili. Kwamba ulinificha kitufe kwa sababu ulinionea wivu."

Akacheka mpaka akakohoa, akashika kifua kwa mkono wa kushoto. "Hilo sitamwambia. Kabula anaamini nilimpenda kwa sababu ana kichwa kuliko wewe. Imani hiyo ndiyo itakayomwamsha asubuhi aende akawashe zile mashine. Nimpokonye?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Mwambie. Atakuuliza ulikuja Biharamulo kufanya nini. Utamjibu ulikuja kunisalimia?"

Niliaga kwa adabu. Alinipa mkono wa kushoto, na ulikuwa mwepesi, na wa moto.

Nje ya mji nilimkuta Kabula kando ya barabara akisubiri gari la Nyakanazi ili aunganishe kwenda Ngara. Ningeweza kumpita. Nilisimama. Alipanda, akatoa mtandio kichwani, akaanza kuzungumza kabla sijaingiza gia. Alinieleza atakavyopaka chumba rangi, atakavyotafuta mashine mpya, atakavyoviacha vipanya kabatini palepale. Msitu ulipita huku na huku, na sikusema neno. Lilikuwa mdomoni, lote, na lilikuwa tamu.

Karibu na Nyakanazi aliacha habari za chumba. Akaangalia mbele. "Mhangaza. Usinidanganye. Mwalimu alikuambia nini kuhusu mimi? Au ameniokota tu kwa sababu niko karibu?"

Hapo nikamtazama. Mwanamke mzima, stashahada yake, kicheko chake chote, na anangoja jibu langu kama tulivyokuwa tukingoja matokeo yabandikwe.

"Alisema una kichwa kuliko mimi," nikamwambia.

Hakucheka mara moja. Kwanza alifumba macho. Kisha kikatoka kile kicheko kinachofika barabarani, na hakikuisha mpaka tulipoingia stendi, na alishuka nacho, akawasalimia nacho wauza mahindi, akapanda nacho gari la Ngara. Nilibaki ndani ya gari langu nikimtazama, na nikamwonea wivu hata furaha ile, niliyompa mimi mwenyewe.